Utelezi wa Chini ya Meli, Utelezi wa Ndani ya Jerikeni

Kipindi cha afya. Maandishi kwa vikundi vya wasikilizaji.
Sauti: watangazaji wawili, DADA na KAKA.

(MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA POLEPOLE.)

DADA: Mlioko Bwera karibu na daraja la Mpondwe, mlioko Kasese mjini, nanyi mliokwisha kupelekwa Rwamwanja, Kyaka na Kyangwali, wote karibuni. Hiki ni kipindi chenu cha afya, na niko hapa pamoja na kaka yangu.

KAKA: Dada, leo naanza na swali ambalo watu waliopanga foleni bombani huulizana mara nyingi. Wanasema: "Maji tunayopewa yametiwa dawa. Harufu ya dawa tunaisikia hata puani. Basi mbona watoto bado wanaharisha?"

DADA: Ni swali la haki, na si la kudharauliwa. Wengine hujijibu wenyewe kwamba ni dawa ile ndiyo inayoharisha. Hapana. Klorini inayotiwa kwa kipimo chake inaua vijidudu, haileti kuhara. Jibu liko mahali ambapo wengi wetu hatutazami. Mama, baba, ikiwa jerikeni lako liko karibu nawe na halina maji, ingiza kidole mdomoni mwake, upapase ukuta wa ndani. Wengine mnaliita bidoni, ni lile lile. Unasikia nini?

KAKA: Utelezi.

DADA: Utelezi. Sasa kidole hicho kakioshe kwa sabuni, na jerikeni hilo usilitie maji kwanza. Kabla kipindi hiki hakijaisha tutakueleza namna ya kuliosha. Leo tunauzungumzia utelezi huo: ni kitu gani, unaishi vipi, na unasafiri vipi.

(SAUTI: MAJI YAKIPIGA UBAVU WA MTUMBWI.)

KAKA: Mlioishi kando ya ziwa mnaujua utelezi huu kabla hatujausema. Mvuvi wa Katwe, au wa upande wa Kongo wa ziwa hilohilo la Edward, akiuvuta mtumbwi wake nchi kavu akaupindua, anakuta ubao wa chini una ukungu wa kijani unaoteleza. Hakuupaka yeye. Umeota wenyewe.

DADA: Na baharini ni hivyo hivyo, tena zaidi. Meli ya chuma ikishushwa majini leo, ndani ya saa chache tu vijidudu vya kwanza vinaanza kuishika. Ni vidogo mno, jicho halivioni. Vikishashika, vinatoa ute unaonata kama uji mzito. Ute huo unavigandisha pale pale na kuvifunika. Vijidudu vingine vinapita, vinanaswa, vinakaa. Baada ya siku kadhaa unakuwa utando. Juu ya utando huo huota mwani, kisha hushika viumbe wenye magamba magumu, mpaka meli inakuwa nzito na kula mafuta mengi.

KAKA: Mabaharia wa pwani yetu waliijua shida hiyo zamani. Jahazi lilikuwa linapandishwa ufukweni, linakwanguliwa chini, kisha linapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili uchafu wa bahari usishike upesi. Hawakuwa na darubini, lakini walijua kwamba chombo kisichokwanguliwa kinabeba abiria wasiolipa nauli.

DADA: (ANACHEKA) Abiria wasiolipa nauli! Na baadhi ya abiria hao ni wa hatari. Watafiti walichunguza utelezi ulioota juu ya vitu vilivyozama katika bandari za visiwa vya Hawaii, nchini Marekani. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2010, walieleza kwamba ndani ya utelezi ule walikuta kijidudu cha jamii ya kipindupindu, na kingine kinachoitwa E. koli, ambacho makazi yake ni matumbo ya watu na wanyama.

KAKA: Maana yake utelezi ni ghala.

DADA: Ni ghala, tena ghala linalosafiri. Meli inaondoka bandari hii, inafika bandari ile, na utelezi uko chini yake. Na si chini tu. Meli isiyo na mzigo hujazwa maji tumboni ili isiyumbe. Mabaharia wa Kiswahili huuita mzigo huo wa kutuliza chombo farumi. Maji yanavutwa huku, yanamwagwa kule. Mwezi wa Januari 1991 kipindupindu kililipuka katika miji ya pwani ya Peru, Amerika ya Kusini, ambako hakikuwa kimeonekana kwa karibu miaka mia moja. Wengi walishuku kwamba kililetwa na maji ya meli. Jambo hilo halikupata kuthibitishwa. Lakini katika miaka ya 1991 na 1992 wakaguzi wa Marekani walichunguza meli zilizotoka Amerika ya Kusini, wakakuta kijidudu hicho cha kipindupindu ndani ya maji ya baadhi ya meli hizo.

KAKA: Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mwaka 2004 juu ya mkataba wa kusafisha maji ya farumi, na mkataba huo ukaanza kufanya kazi Septemba 2017. Na kuhusu utelezi wa chini ya meli, mwongozo wa kimataifa wa kuukwangua na kuuzuia ulitolewa mwaka 2011.

DADA: Sasa kuna msikilizaji hapo Bwera anasema: "Dada, sisi bahari tutaiona wapi? Tulikuja kwa miguu, tukavuka mto Lhubiriha. Meli inatuhusu nini?"

KAKA: Hebu turudi nyumbani, basi.

(MUZIKI MFUPI.)

KAKA: Kasese iko katikati ya milima na maji. Juu ni Rwenzori. Chini ni maziwa mawili, George na Edward, yaliyounganishwa na mfereji wa Kazinga. Mito inateremka kutoka mlimani kwa nguvu, na mvua kubwa ikinyesha inabeba kila kilichoachwa juu ya ardhi, pamoja na vinyesi, mpaka mahali watu wanapochota maji.

DADA: Na hilo limetokea. Mwezi Juni na Julai mwaka 2015, makumi ya watu waliugua kipindupindu katika kijiji cha wavuvi upande wa Katwe. Wachunguzi wa afya wakauliza kila mtu: ulikula nini, ulichota wapi? Majibu yakawapeleka mahali pamoja pa kuchotea maji, ufukweni mwa ziwa. Maji ya mahali pale yalikuwa yamechafuliwa kwa kinyesi. Mwaka 2017 kipindupindu kikazuka tena wilayani Kasese.

KAKA: Na ndugu zetu wa Kyangwali wana historia yao. Kipindupindu kiliwapata wakimbizi waliokuwa wakinywa maji ya kijito kilichochafuka. Februari 2018, wakati maelfu ya watu walipokuwa wakikimbia Ituri na kuvuka ziwa Albert kwa mitumbwi, kililipuka upande ule wa Hoima. Waliougua walizidi 2,000, na waliofariki walizidi 40.

DADA: Mungu awalaze pema. Na wako wanaotusikiliza ambao hawajasahau Goma, Julai 1994, jinsi wakimbizi kutoka Rwanda walivyochota maji ya ziwa Kivu bila dawa, na jinsi kipindupindu na kuhara damu vilivyowamaliza watu kwa makumi ya maelfu ndani ya wiki chache. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya maji, hatuzungumzi mchezo.

KAKA: Dada, niulize jambo. Je, kijidudu hicho kinaishi katika maziwa yetu siku zote, au kinaletwa?

DADA: Watafiti walichota maji katika maziwa makubwa ya Uganda: Victoria, Albert, Kyoga, Edward na George. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Walikuta vijidudu vya ukoo wa kipindupindu katika maji, ila hawakuikuta ile aina inayoleta mlipuko. Maana yake nini kwetu? Maana yake ni kwamba huku kwetu tusiulaumu mtumbwi sana, wala tusimlaumu mgeni. Anayebeba aina ile ya kuua mara nyingi ni mtu mwenyewe, tumboni, pengine bila kujua, maana wengi wanaoambukizwa hawaugui sana. Kinyesi chake kikifika majini, maji yanakibeba. Kisha maji hayo yanaingia jerikenini.

KAKA: Na hapo ndipo meli na jerikeni vinapokutana.

DADA: Hapo hapo. Sheria ya utelezi ni moja, iwe baharini, iwe ziwani, iwe nyumbani. Kijidudu hakipendi kuelea peke yake. Kinatafuta ukuta. Chini ya meli ni ukuta. Ubao wa mtumbwi ni ukuta. Na plastiki ya jerikeni lako, kwa ndani, gizani, penye maji kila siku, ni ukuta mzuri kuliko zote. Kikishajenga, kinapata faida tatu.

KAKA: Ya kwanza?

DADA: Ya kwanza, suuza ya haraka haikiondoi. Unatia maji kidogo, unatikisa mara mbili, unamwaga. Vilivyokuwa vinaelea vimetoka. Vilivyoshika vimebaki.

KAKA: Ya pili?

DADA: Ya pili, dawa inachoka kabla ya kuvimaliza. Klorini ni kama askari mwenye risasi za kuhesabu. Ikikuta maji safi na chombo safi, inabaki na nguvu ya kuyalinda maji yako mpaka kesho. Ikikuta utelezi, inapigana na ule ute wa juu, inaisha, na vijidudu vya ndani havijaguswa. Basi yale maji yaliyotoka bombani yakiwa na dawa, jioni nyumbani hayana mlinzi.

KAKA: Ndiyo jibu la swali la foleni. Maji yalikuwa mazuri bombani. Yameharibika njiani na nyumbani.

DADA: Na faida ya tatu. Kijidudu kimoja kimoja ukikimeza, uchachu wa tumbo lako huua vingi. Lakini vikiingia vimegandana katika kipande cha ute, vinauvumilia uchachu huo zaidi, na vingi vinapita mpaka matumboni. Yaani utelezi unakilinda kijidudu nje ya mwili, tena unakisindikiza ndani.

(MUZIKI MFUPI.)

KAKA: Sasa, wasikilizaji, tusije tukasema tumeleta hofu tupu. Jambo hili limejaribiwa katika kambi kama zetu, na linawezekana. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watafiti walipima maji yanapotoka kisimani. Yalikuwa safi, au karibu safi. Wakayapima tena baada ya watu kuyachota. Yalikuwa yamechafuka, na sababu kubwa ilikuwa mikono iliyoyagusa. Baadhi ya familia zikapewa ndoo yenye kifuniko na mrija wa kumiminia, ndoo ambayo mkono hauwezi kuingia. Uchafu wa kinyesi katika maji ya nyumba hizo ulipungua kwa asilimia 69. Na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulikuwa pungufu kwa asilimia 31.

DADA: Kisima kile kile, kambi ile ile. Kilichobadilika ni chombo.

KAKA: Na mwaka 2004, katika kambi ya Abou Shouk, Darfur, nchini Sudan, kuhara damu kulizuka. Maji ya bomba yakapimwa, hayakuwa na kosa. Wahudumu wakaamua kusafisha vyombo vyote vya maji vya kambi kwa klorini, jerikeni kwa jerikeni. Baada ya kazi hiyo, wagonjwa waliofika zahanati wakiharisha walipungua.

DADA: Kuna mfano mwingine naupenda, kutoka Bangladesh. Kule kijidudu cha kipindupindu hung'ang'ania vidudu vidogo vya majini, vinavyoelea kama vumbi. Akina mama walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa kuukuu cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Kitambaa hakiwezi kunasa kijidudu kimoja, lakini kinanasa vile vinavyokibeba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: kipindupindu kilipungua karibu nusu.

KAKA: Kwa hiyo hapa, ukikosa maji ya bomba na ukalazimika kuchota mtoni au ziwani, chuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha chemsha mpaka yatokote, au tia dawa ya maji kama ulivyoelekezwa. Kuchuja peke yake hakutoshi.

DADA: Sasa tuoshe jerikeni. Vikundi vya wasikilizaji, kama mnalo hapo, fanyeni pamoja nasi.

(SAUTI: KOKOTO ZIKITIKISWA NDANI YA JERIKENI. INAENDELEA CHINICHINI.)

DADA: Kwanza, mwaga maji yote ya zamani. Usiyahurumie. Unaweza kuyatumia kufulia.

Pili, osha mikono yako kwa sabuni.

Tatu, tia ndani kokoto ndogo zilizooshwa, kiasi cha kiganja kimoja au viwili. Ukikosa kokoto, tumia mchanga safi ulioosha. Ongeza sabuni na maji kidogo, kama robo ya jerikeni.

Nne, funga, utikise kwa nguvu. Ulaze ubavu huu, ulaze ubavu ule, uligeuze kichwa chini. Endelea kwa dakika mbili au tatu. Kokoto ndizo zinazokwangua, kama vile mabaharia walivyokwangua jahazi. Bila kukwangua, utelezi haubanduki.

KAKA: Kazi hii vijana wanaiweza. Na watoto wanaipenda, ni kama kupiga kayamba.

DADA: Tano, usisahau kifuniko na mdomo wa jerikeni. Ile mifereji ya kufungia ndiyo utelezi unapojificha. Isugue kwa kitambaa safi au mswaki wa zamani ulioosha kwa sabuni. Shikio nalo lisugue.

Sita, suuza kwa maji yenye dawa mpaka povu na mchanga viishe. Kama kwenye bomba lenu mhudumu wa maji anatoa maji ya klorini ya kuoshea vyombo, mwombe. Yakifika kila upande wa ndani, yaache humo dakika 30, kisha yamwage, usuuze.

Saba, lipindue likauke, mdomo chini, mahali ambapo mbuzi na kuku hawafiki. Fanya hivyo kila wiki. Wakati wa mlipuko wa kuhara, fanya mara nyingi zaidi.

KAKA: Na jerikeni lililopasuka, au lililobeba mafuta au dawa ya mimea, lisitumike kwa maji ya kunywa. Najua jerikeni jipya si rahisi kulipata. Lakini likivuja au likiwa halioshiki tena, mweleze kiongozi wenu wa eneo au mhudumu wa maji, ili jina lako liandikwe wakati vyombo vinapogawiwa.

DADA: Mkiyafikisha nyumbani, miminia, usichovye. Kikombe kinachoingia na mkono ndani ya ndoo kinarudisha kila tulichotoa. Na maji ya kunywa yawe na chombo chake, yasichanganywe na ya kufulia.

(MUZIKI MFUPI.)

KAKA: Dada, pamoja na hayo yote, mtu anaweza kuugua. Afanye nini?

DADA: Kipindupindu kina alama yake: kuhara maji mengi, meupe kama maji ya mchele, ghafla, mara nyingi pamoja na kutapika. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufa ndani ya saa chache, kwa sababu maji ya mwili yanamwisha. Lakini akitibiwa mapema, karibu wote wanapona. Kati ya wagonjwa 100 wanaotibiwa vizuri, hafi hata mmoja, au ni mmoja tu. Kwa hiyo usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku, na mnywesheni njiani.

KAKA: Mnywesheni nini?

DADA: Paketi moja ya ORS katika lita moja ya maji salama. Ukiikosa, changanya lita moja ya maji salama na vijiko vidogo sita vya sukari, visawazishwe, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Ampatie kidogo kidogo, na akitapika, ngoja kama dakika kumi, uanze tena. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na kinyesi na matapishi yaende chooni, si kichakani, si mtoni.

KAKA: Wala mgonjwa asifichwe kwa aibu. Kipindupindu si laana, na si ugonjwa wa kabila fulani wala wa waliofika jana. Ni ugonjwa wa maji yaliyoingiliwa.

DADA: Tukumbushane kabla hatujaagana. Kijidudu kinapenda kushika ukuta na kujifunika kwa ute. Hivyo ndivyo kinavyovuka bahari chini ya meli, na hivyo ndivyo kinavyokaa nyumbani kwako ndani ya jerikeni. Dawa ya bombani ni nzuri, lakini inahitaji chombo safi ili ifanye kazi yake. Kwangua kila wiki, funika, miminia.

KAKA: Bomba si letu peke yetu, na mto hatuutawali. Jerikeni ni letu. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda foleni, litikise kwanza.

DADA: Kaeni salama.

(MUZIKI WA KUFUNGIA.)

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tangu maji yanapotoka bombani mpaka yanapofika mdomoni mwa mtoto, yanaguswa na nani na nini? Taja kila hatua.
2. Katika kitongoji chetu, ni siku gani ya wiki tunaweza kuosha majerikeni pamoja? Nani atatafuta kokoto na sabuni?
3. Jirani akisema dawa ya maji ndiyo inayoleta kuhara, utamweleza nini bila kumdharau?
4. Mtu akianza kuharisha usiku, ni njia gani ya karibu ya kufika kituo cha afya, na nani atasaidia kumbeba?
5. Kila mmoja afungue jerikeni lake na kulichunguza. Nani amekuta utelezi? Msichekane; osheni pamoja.